Jina Moja kwa Kazi ya Wengi

Msomaji wangu, bila shaka umewahi kuulizwa darasani au katika shindano la maswali, "Nani aliyevumbua kitu fulani?" na bila shaka umefundishwa kujibu kwa jina moja. Nani aliyevumbua injini ya gesi? Otto. Jina likitamkwa, mwalimu huridhika, alama huandikwa, na swali jingine huulizwa. Mimi nashikilia kwamba jibu la namna hiyo si elimu, na kwamba aghalabu ni dhuluma kwa wafu na udanganyifu kwa walio hai.

Sisemi haya kwa kujitoa katika kosa. Mimi ni mwalimu, na kosa hili nimelitenda. Nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu, tuliambiwa kwamba swali jema ni lile lenye jibu moja lisilobishaniwa. Nikalichukua neno hilo kama lilivyo. Miaka michache iliyopita niliandaa shindano la maswali la chama cha sayansi katika shule niliyokuwa nikifundisha, na swali la injini ya gesi lilikuwamo. Msichana mmoja wa kidato cha pili akajibu, "Lenoir." Nikamnyima alama, kwa kuwa karatasi yangu ilisema Otto. Shindano lilipokwisha akanijia, bila hasira, akaniuliza, "Mwalimu, kama Otto ndiye wa kwanza, Lenoir alikuwa akiwauzia watu nini mjini Paris mwaka 1860?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia aende akale chakula cha mchana kisije kikapoa. Aibu ya swali lile ndiyo iliyonirudisha vitabuni, na niliyoyakuta huko ndiyo ninayokuletea hapa.

Itazame kwanza kazi yenyewe, ndipo uwahukumu waliokuwa wakiifanya. Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, viwanda vya Ulaya vilizidi kuendeshwa kwa mvuke. Mtambo wa mvuke ni mtumishi hodari lakini ghali: unataka tangi kubwa la kuchemshia maji, unataka tanuri la kulishwa makaa, unataka mtu wa kuuangalia tangu alfajiri, na tangi likipasuka huua. Tajiri mwenye kiwanda kikubwa aliweza kuyabeba hayo. Mchapaji mwenye mashine moja, au seremala mwenye msumeno mmoja, hakuweza. Lakini wakati huohuo miji ilikuwa imeanza kuangazwa kwa gesi iliyotolewa katika makaa ya mawe. London ilikuwa na kampuni ya gesi tangu mwaka 1812, na mabomba yake yalipita chini ya barabara mpaka kwenye nyumba za watu. Haikuhitaji akili ya malaika kufikiri kwamba gesi iwakayo katika taa, ikichanganywa na hewa na kuwashwa ndani ya silinda iliyofungwa, italipuka na kuisukuma pistoni. Robert Street wa Uingereza aliandikisha mtambo wa mlipuko mwaka 1794. Philippe Lebon wa Ufaransa alieleza mtambo wa gesi katika hati yake ya mwaka 1801. Mwingereza mwingine, William Barnett, aliandika mwaka 1838 juu ya kuishindilia gesi kabla ya kuiwasha. Tazama basi: wazo lilikuwa limekwisha kuzeeka kabla ya huyo tunayemwita baba yake kujua kusoma.

Hapa sina budi kulieleza neno moja, kwa maana ugomvi wote umejengwa juu yake. Hataza ni hati ya serikali inayompa mtu haki, kwa miaka maalumu, ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala wasiuze kitu alichokivumbua. Kwa upande wake yeye hukieleza kitu hicho waziwazi katika maandishi, ili muda ukiisha kila mtu akitumie. Ni mapatano kati ya mtu mmoja na umma, kama mapatano ya kukodi shamba. Si cheti cha kuzaliwa, wala si hukumu ya historia. Afisa anayeipokea hakuwapo mawazo yalipotungwa. Yuko mezani pake, na mbele yake ana karatasi na ada.

Sasa tumrudie Lenoir, maana nina deni kwake. Étienne Lenoir alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji ambacho leo kimo nchini Ubelgiji. Akaenda Paris akiwa kijana maskini, akahudumu mezani, kisha akawa fundi. Mwaka 1860 alipewa hataza ya injini ya gesi. Pistoni yake ilivuta gesi na hewa kwa sehemu ya mwendo wake, kisha cheche ya umeme ikauwasha mchanganyiko huo, na mlipuko ukaisukuma pistoni katika sehemu iliyobaki. Injini hizo zilinunuliwa kwa mamia, zikaendesha mashine katika karakana za watu. Zilikuwa na kasoro kubwa: zilikunywa gesi kama ng'ombe aliyetoka jangwani, zilipata moto kupita kiasi, na zilitaka mafuta ya kulainisha kila mara. Lakini zilizunguka. Aliyekuwa na shaka kwamba gesi yaweza kufanya kazi ya mvuke aliweza kulipa nauli ya kwenda Paris akaziona kwa macho yake.

Mmoja wa waliosikia habari zake alikuwa Nikolaus Otto, kijana Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1832, asiyesomea uhandisi, aliyekuwa akitembeza biashara ya vyakula na vyombo vya jikoni. Mwaka 1861 alimwagiza fundi wa Cologne amtengenezee mfano wa injini ya Lenoir, ili aichunguze. Sikiza vizuri, msomaji: huyu tunayemwita wa kwanza alianza kwa kunakili. Nalisema hili kwa heshima. Ndivyo fundi yeyote mwema anavyoanza, na laiti vitabu vyetu vingemsifu Otto kwa hilo! Lakini vinaona haya, vinalificha, kana kwamba kujifunza kwa mwenzako ni wizi.

Kuna mwingine ambaye jina lake halimo kabisa katika karatasi za maswali, na kwa kuwa alikuwa mwalimu mwenzangu utaniwia radhi nikikaa naye kidogo. Eugenio Barsanti alikuwa padri wa Italia aliyefundisha fizikia. Alipokuwa mwalimu kijana aliwaonyesha wanafunzi wake namna mchanganyiko wa haidrojeni na hewa unavyolipuka ndani ya chombo, na jaribio lile la darasani halikumtoka tena akilini. Pamoja na mhandisi Felice Matteucci, aliweka maelezo ya mtambo wao katika chuo cha wataalamu mjini Florence mwaka 1853, na mwaka uliofuata wakapata hataza Uingereza. Katika mtambo wao mlipuko uliirusha pistoni juu, bila kufungwa na chochote. Kisha pistoni ilipoanguka kwa uzito wake na kwa mkandamizo wa hewa ya nje, ndipo ilipoushika mhimili na kuuzungusha. Barsanti alikwenda Ubelgiji kutafuta kiwanda cha kuutengeneza kwa wingi, akafa hukohuko mwaka 1864, kabla ya kazi kuanza.

Mwaka huohuo wa 1864, Otto na mhandisi Eugen Langen, mtoto wa wenye viwanda vya sukari, walifungua karakana yao Cologne. Mwaka 1867 walipeleka injini yao kwenye maonyesho makubwa ya Paris. Ilikuwa mnara mrefu wenye kelele, usiopendeza kuutazama, na pistoni yake ilirushwa juu na mlipuko, kisha ikafanya kazi wakati wa kuanguka! Waamuzi walipopima gesi iliyotumika, waliona kwamba ilikunywa chini ya nusu ya ile ya injini ya Lenoir, wakaipa nishani ya dhahabu. Matteucci alidai kwamba njia ile ilikuwa yao. Je, hakuwa na haki ya kulalamika? Alikuwa nayo. Je, Otto na Langen hawakustahili nishani? Walistahili. Langen alitengeneza kishikio cha magurudumu madogo kilichoiacha pistoni ipande huru na kuushika mhimili iliposhuka, na kishikio hicho ndicho kilichoufanya mnara ule uwe mtambo wa kuuzika. Haki hizi mbili zaweza kukaa pamoja katika akili ya mtu mzima. Haziwezi kukaa pamoja katika nafasi ya jibu moja.

Sasa tunafika kwenye kiini cha shauri. Mwaka 1876, katika kiwanda kilichokuwa kimehamia Deutz, ng'ambo ya mto Rhine, Otto alikamilisha injini ya mapigo manne. Pigo la kwanza, pistoni inavuta gesi na hewa. Pigo la pili, inarudi ikiushindilia mchanganyiko huo. Pigo la tatu, moto unawashwa na mlipuko unaisukuma. Pigo la nne, inarudi tena ikiufukuza moshi. Katika mapigo manne ni moja tu linalofanya kazi. Matatu yanabebwa na gurudumu zito lililokwisha kupata mwendo. Mtu mwenye haraka angeliita jambo hilo uharibifu. Lakini gesi iliyoshindiliwa hutoa nguvu nyingi zaidi ikilipuka, hata faida ya pigo moja ikalipa gharama ya yale matatu. Pikipiki nyingi za bodaboda zinazokupita barabarani zina mapigo hayohayo manne, ingawa siku hizi zinakunywa petroli na si gesi ya taa.

Kwa kazi hiyo Otto namheshimu. Gottlieb Daimler alikuwa msimamizi wa kiwanda kile na Wilhelm Maybach alikuwa mchoraji wa mitambo, na mikono yao ilisaidia. Lakini ukaidi wa kulirudia wazo la kushindilia gesi ulikuwa wa Otto. Alikuwa amelijaribu tangu mwaka 1862 kwa injini ya silinda nne, ambayo ilivunjwavunjwa na milipuko yake yenyewe. Miaka kumi na minne si michache.

Ubishi wangu ni juu ya karatasi. Ujerumani ilipata sheria moja ya hataza mwaka 1877, na mwaka huohuo injini hii ikapewa hataza namba 532. Soma inavyodai, ustaajabu. Otto aliweka mbele fikira yake kwamba siri ya injini ni kuyapanga matabaka ndani ya silinda, hewa na moshi karibu na pistoni, gesi nzito karibu na moto, ili mlipuko uwe mpole. Mapigo manne yalidaiwa humo pia, lakini roho ya mtambo, kwa maoni yake, ilikuwa ni matabaka. Dugald Clerk wa Uskoti alibisha waziwazi katika miaka ya 1880, akisema kwamba faida inatoka katika kushindilia gesi. Clerk alikuwa na haki. Yaani mvumbuzi mwenyewe alikuwa amekosea juu ya sababu ya uvumbuzi wake kufanikiwa, na serikali ikalipiga muhuri kosa hilo pamoja na ukweli katika karatasi moja.

Na kwa karatasi hiyo akaufunga mlango. Aliyetaka kutengeneza injini ya mapigo manne ilimpasa kupata ruhusa ya Deutz. Huko Manchester, ndugu wawili, Francis na William Crossley, waliinunua haki hiyo wakafanikiwa sana. (Walikuwa watu wa dini na maadui wa pombe, hata wakakataa kuwauzia injini wenye viwanda vya bia. Nawataja ili usidhani kwamba kila mwenye kiwanda hupenda fedha kuliko kitu kingine chochote.) Waliobaki nje walitafuta njia za pembeni. Clerk alijenga injini ya mapigo mawili. Carl Benz naye alianza na mapigo mawili, na injini yake ya kwanza ilizunguka usiku wa kuukaribisha mwaka 1880. James Atkinson alibuni fito na viungo vya ajabu, ili mapigo yote manne yapatikane katika mzunguko mmoja wa mhimili. Wapo wanaosema kwamba mlango uliofungwa uliwafundisha watu kuruka ukuta, na baadhi ya mirukaji hiyo ilikuwa mizuri. Nakubali. Lakini fikiria akili zilizotumika kumkwepa Otto badala ya kuyatengeneza makosa ya Otto.

Washindani hawakulala. Christian Reithmann, fundi saa wa Munich, alidai kwamba alikuwa na injini ya mapigo manne kabla ya Otto. Kisha likazuka jina ambalo watu wachache walikuwa wamepata kulisikia: Alphonse Beau de Rochas. Mhandisi huyu Mfaransa alikuwa ameandika kijitabu mwaka 1862, na ndani yake akaeleza mapigo manne kwa utaratibu, moja baada ya jingine, pamoja na sababu za kuishindilia gesi. Hakujenga injini. Hakuuza kitu. Haki yake ya hataza iliachwa ikafa. Lakini maneno yalikuwa yamechapwa, na mwezi wa Januari mwaka 1886 mahakama kuu ya Ujerumani mjini Leipzig ikakiondoa katika hataza ya Otto kile kifungu cha mapigo manne, kwa sababu mwingine alikuwa ametangulia kuyaandika. Mlango ukafunguka. Mwezi huohuo Benz aliandikisha gari lake la magurudumu matatu, lenye injini ya mapigo manne.

Vuka bahari sasa uende Uingereza. Huko Otto aliwashitaki waliomwiga, na majaji wakaikubali hataza yake. Crossley wakaendelea kuilinda mpaka muda wake ulipokwisha mwaka 1890. Injini ni ileile, mtu ni yuleyule, kijitabu cha Mfaransa ni kilekile. Upande mmoja wa bahari Otto si wa kwanza. Upande wa pili ni wa kwanza kwa amri ya mahakama. Nakuuliza, msomaji, ungekuwa mwanafunzi mwaka 1887, ungejibu nini katika mtihani? Ingekupasa kwanza kuuliza mtihani unafanyiwa nchi gani.

Wako wanaokimbilia upande wa pili wakasema, basi Otto ni mwizi, na jibu sahihi ni Beau de Rochas. Hao nao siwakubali. Kubadili jina moja kwa jina jingine ni kulikarabati kosa lilelile. Majaji wa Leipzig walifungua mlango uliostahili kufunguliwa, kwa ufunguo usiostahili. Ingekuwa haki kusema kwamba Otto alidai mno, kwamba hakuna mtu apasaye kumiliki mpangilio mzima wa kuvuta, kushindilia, kuwasha na kufukuza, kama vile hakuna apasaye kumiliki kupanda na kuvuna. Badala yake walisema, fulani alitangulia kuandika. Kwani kijitabu kile kiliendesha mashine ya nani? Kilimpunguzia mchapaji gani gharama ya gesi? Wazo likikaa rafuni miaka ishirini na mtu mwingine akalifikia kwa jasho na vyuma vilivyopasuka, huyo wa pili hakuchukua mali ya mtu.

Yamkini utaniambia, "Mwalimu, bila hataza nani angetoa fedha?" Hoja hiyo ina nguvu. Langen hakutia fedha za jamaa yake katika mnara wenye kelele kwa ajili ya sadaka, na bila ulinzi wa miaka michache huenda asingezitia. Kwa hiyo siombi hataza zifutwe. Ninachokataa ni hati ya biashara kuletwa darasani ikavishwa joho la historia. Ofisi ya hataza ina haja ya jina moja, kwa sababu ni lazima ijue nani atalipwa. Mahakama ina haja ya jina moja, kwa sababu ni lazima kesi iishe. Darasa halina haja hiyo. Hakuna anayelipwa hapa wala anayeshitakiwa.

Na madhara yake nimeyaona kwa macho yangu. Mtoto anayeamini kwamba injini ilitoka kichwani mwa Otto ikiwa nzima, kama kifaranga katika yai, hujitazama, haoni kifaranga kichwani mwake, akakata tamaa. Hajaambiwa kwamba Otto alinakili, kwamba mtambo wake wa mwaka 1862 ulijivunja, kwamba hata alipofaulu hakujua sawasawa kwa nini amefaulu. Amefichwa yale ambayo yangemtia moyo, akapewa jina la kukariri.

Karatasi yangu ya maswali bado ninayo. Lile swali nimelipiga mstari, na chini yake nimeandika jingine: "Otto alichukua nini kwa Lenoir, na aliongeza nini?" Kulisahihisha huchukua muda mrefu, na wanafunzi hunibishia. Yule msichana amekwisha kumaliza shule, na alama yake moja bado ananidai.